Mtu Mmoja Zaidi kwenye Sare

Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.
19 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Abigael,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unapokanyaga cherehani. Sisi huku hatujambo. Baba yuko zamu ya mchana, Mama ana mafua lakini anakataa kulala, na mimi sasa niko darasa la kumi. Majani ya miti ya bondeni, nyuma ya jengo letu, yamekuwa mekundu, na asubuhi tumeanza kuvaa makoti.

Baba ameniambia nikuandikie kwa mkono, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wewe barua huirudia mara nyingi. Mzee Sadrudin wa ghorofa ya chini anasafiri kwenda Arusha wiki ijayo. Ameahidi kuikabidhi kwa watu wa basi la Same.

Tumefurahi sana kusikia Elias anaoa Desemba. Mama alipoona picha ya kitenge ulichochagua alipiga kigelegele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Nauli ya kuja hatuna, lakini siku hiyo tutavaa sare hapa hapa sebuleni na kuitazama harusi kwenye simu. Vipimo ulivyoomba viko kwenye karatasi ya pili. Ila kabla hujakata kitambaa kuna jambo nataka ulijue, na kaka Tumsifu ameniruhusu nikueleze.

Unajua alimaliza chuo mwezi wa tano, amekuwa fundi wa lifti. Wewe uliyemlea alipokuwa mdogo hutashangaa, maana cherehani yako ya kwanza ni yeye aliyeifungua vipande vipande. Lifti za jengo letu hukwama mara kwa mara, na watu wakinasa humwita yeye. Haruhusiwi kuzigusa, kwa hiyo husimama nje ya mlango akiwasimulia hadithi mpaka fundi wa kampuni afike.

Mwezi wa nane kampuni moja ndogo ilimwita kwenye usaili. Bosi wa kampuni hiyo alikuwa ameshaongea naye kwa simu na kumpenda. Alimwambia aje wamalize mazungumzo, kisha apimwe buti za kazi.

Shangazi, unamjua Mama. Kwake mtu haendi kwenye jambo kubwa peke yake kama vile hana kwao. Tulimsindikiza sote: Mama, mimi na Mikail. Watu wa hapa hawafanyi hivyo kabisa. Tumsifu alituomba tumsubiri kituo cha basi, lakini mvua ikaanza, tukaingia hadi mapokezi na kapu letu la maandazi.

Bosi na Tumsifu walitoka wakicheka. Mama alipowaona akasimama, kama anavyosimama kanisani wageni wakitambulishwa. Akasema yeye ni mama, mimi ni binti yake, kisha akamshika Mikail begani: “Na huyu ni mkwe wangu, mume wa Tumsifu.”

Nilimtazama Mikail. Tangu wafunge ndoa yao ya serikali miaka miwili iliyopita, Mama alikuwa akimwita “yule rafiki yake Tumsifu.” Siku hiyo ndipo alipomwita mkwe kwa mara ya kwanza, tena kwa Kiingereza kilichonyooka, nadhani alikifanyia mazoezi. Mikail hakujua aweke wapi mikono.

Bosi aliacha kucheka. Hakuwa mkali. Alisema watawasiliana, akarudi ndani, na habari ya buti ikaishia hapo. Wiki iliyofuata wakaandika kwamba nafasi imejaa, ila tangazo lao hawakuliondoa. Sebastian, aliyesoma na Tumsifu na sasa yuko kazini pale, alimweleza kwamba bosi alisema hataki maneno kutoka kwa wateja. Yaani alimtaka fundi mpaka alipojua kwamba fundi ana mume. Sheria ya hapa inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu hiyo, na Mikail anataka wapeleke malalamiko. Tumsifu anasema kwanza apate kazi, ndipo apate nguvu za kugombana.

Aliyeumia zaidi ni Mama. Alisema mdomo wake ndio uliomnyima mtoto wake kazi. Mezani hakuweza kumtazama Mikail, si kwa hasira, ni kwa aibu. Alimwekea tu nyama nyingi kuliko sisi sote.

Jumanne iliyopita Tumsifu aliitwa kwenye usaili mwingine, kampuni nyingine, huko Don Mills. Mama alimpigia shati pasi, kisha akatangaza kwamba yeye haendi.

“Usiponisindikiza,” Tumsifu akamwambia, “nitakwenda kumwazima mama yake Navroz.”

Mama hawezi kukubali mama wa rafiki yangu achukue nafasi yake, kwa hiyo akavaa koti. “Haya, ninakuja. Ila nikiulizwa, Mikail ni jirani.”

Mikail anaelewa Kiswahili kwa sababu wazazi wake walitoka Tanga, lakini kwa kawaida hujibu kwa Kiingereza. Safari hii alijitahidi: “Sawa, Mama. Mimi jirani mzuri. Sipigi kelele.”

Tulicheka, hata Mama. Tumsifu hakucheka. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, akazifunga polepole sana, akasema, “Nimezoea.” Basi, hilo tu.

Kule mapokezi tulikaa tumebanana kwenye kochi moja. Mlango ulipofunguliwa, Tumsifu alitoka na mwanamke aliyemsaili, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alitutazama, akauliza kama na sisi wote tumekuja kuomba kazi. Mama akasimama. Akajitaja yeye, akanitaja mimi, akafika kwa Mikail, akanyamaza. Nilisikia friji ya maji ikinguruma. Tumsifu alikuwa akitazama viatu vyake.

“Huyu ni mkwe wangu,” Mama akasema. “Mume wa mwanangu.” Kisha akamgeukia Tumsifu, akaongeza kwa Kiswahili, “Siku ile nilisema bila kujua. Leo nasema nikijua.”

Yule mwanamke hakuelewa hayo ya mwisho. Alitushika mkono kila mmoja, Mikail pia, akasema watapiga simu. Lakini hata yule wa kwanza alisema hivyo. Leo ni Jumapili na hawajapiga. Mimi natumaini, ingawa simu ikilia sote tunaruka.

Kwenye basi la kurudi Mama alifungua maandazi, la kwanza akampa Mikail. “Kama ni kukosa kazi,” alisema, “mwanangu akose akiwa na watu wake.” Tumsifu akalaza kichwa begani kwa Mama, yeye alivyo mrefu kuliko sisi sote.

Sasa, Shangazi, nirudi kwenye vipimo. Mwaka jana Baba alipokueleza habari za Mikail ulinyamaza mpaka tukadhani mtandao umekatika, halafu ukasema, “Mwambieni Tumsifu ale vizuri.” Tangu hapo hujamuulizia Mikail. Sikulaumu, maana hata Mama alihitaji muda. Lakini kwenye karatasi ya pili utakuta watu watano, si wanne. Wa tano ni yeye. Mabega yake ni sawa na ya Baba, ila mikono ni mirefu, na hapendi shati limbane shingoni. Mama ndiye aliyempima, kwa utepe ule uliompa siku tulipoagana uwanja wa ndege. Kitambaa kikipungua, punguza marinda ya gauni langu. Mimi sihitaji marinda mengi.

Nisalimie sana Elias na mchumba wake, na Bibi, mwambie dawa zake asizifiche chini ya mto. Baba na Mama wanakusalimu. Tumsifu anakuamkia, na Mikail pia. Amejifunza kusema shikamoo na anaisema hata kwa watoto. Mungu akulinde, aendelee kukupa macho ya kuona tundu la sindano.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka,

Anastasia