Tiba Tatu na Jicho la Kulia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na cherehani yako katika hali njema. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolieleza mahali pake.

Uliniagiza nichunguze ni tiba ipi inayofaa kuondoa weusi wa chini ya macho, kwa kuwa wateja wakikutazama hukupa pole ya msiba usiokuwapo. Suala hilo nimelishughulikia kwa uzito uleule ninaoupa maombi ninayowaandikia watu hapa kibarazani. Kwa kuwa nami ninao weusi huohuo, nilitaka haki itendeke: jicho la kulia nililipaka krimu ya duka la vipodozi, la kushoto nikaliwekea kifuko cha chai kilichopoa, kila asubuhi, kwa majuma sita.

Watu hawakuniacha. Fundi viatu, jirani yangu, alitangaza kwamba jicho langu moja limeshaolewa na jingine bado linaposwa. Wifi yako aliuliza iwapo chai ya jichoni huwekwa sukari.

Matokeo ni haya. Chai hupunguza uvimbe hadi saa nne, kisha mambo hurudi yalivyokuwa. Krimu ilififisha weusi kidogo, kidogo kiasi kwamba aliyegundua ni mimi peke yangu. Muuzaji alinisihi nijaribu nyingine, ya kung'arisha kwa siku tatu. Nilikataa, kwani kopo halikueleza ndani yake mna nini. Kuhusu tiba ya tatu, sindano ya chini ya macho, nilimwendea muuguzi wa kliniki ya ngozi. Aliivuta ngozi yangu taratibu, akasema weusi wangu ni wa kurithi, na kwamba sindano hujaza bonde la chini ya jicho tu, haibadilishi rangi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba utumie krimu yenye maelezo kamili, usitarajie makuu, na wanaokupa pole uwaitikie.

Sasa nieleze lile nililoliahirisha. Kwa kawaida wakati wa tiba nilikuwa nikifumba macho yote mawili. Asubuhi moja, kwa haraka, kifuko kikiwa juu ya jicho la kushoto, nilichukua ombi la mteja nilisome kwa la kulia. Karatasi ilikuwa ukungu mtupu. Nilidhani ni krimu, nikanawa, ukungu ukabaki. Daktari wa macho amesema ni mtoto wa jicho, na la kushoto nalo limeanza.

Hapo nikalielewa kosa langu. Mwezi uliotangulia, ombi la mama muuza mboga lilirudishwa na ofisi ya ardhi kwa kuwa niliandika kiwanja namba 38 badala ya 33. Nilimwapia kwamba aliyekosea ni karani wa huko, naye akaenda kumgombeza mtu asiye na hatia. Juzi nilimfuata nikamwambia kweli. Akasema kumbe siku zote alikuwa akinihurumia, akidhani weusi wa macho yangu ni wa kukosa usingizi. Akanipa karatasi mpya niandike tena. Sikuthubutu.

Ombi lake linatakiwa Ijumaa. Upasuaji wangu ni Jumanne inayofuata. Kwa miaka kumi na tisa nimewaombea wengine kwa maandishi, na sikuwahi kuona ugumu wa kuomba hadi leo. Dada, njoo kabla ya Ijumaa. Mimi nitatamka, wewe utaandika, na namba zote utanisomea mara mbili.

Wifi yako anakusalimu sana, nawe unifikishie salamu kwa shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Mwandishi wa Kibarazani