Njia ya Kuja Kwako

Kisarawe, Mei 1976

Dada Mwanakheri,

Shikamoo. Muhogo umekubali mwaka huu, na magoti ya mama yamepata nafuu.

Umeuliza habari za mwanangu Saburi. Surua ilimpata mvua zilipoanza. Huko Kibaha wanao walichanjwa, na hospitali iko ng'ambo ya barabara. Sisi zahanati ya kijiji tumeijenga kwa mikono yetu, tukaipaka chokaa, lakini mganga hajaletwa, wala dawa. Basi mume wangu akampakia kwenye baiskeli tumlete kwako. Mimi nilitembea pembeni nikimshika mgongo.

Kabla hatujafika barabara ya lami akaniuliza, "Kwa mama mkubwa bado mbali?"

Nikamwambia, "Si mbali, mwanangu."

Hakuuliza tena. Tuligeuza baiskeli, tukaenda kumzika karibu na babu.

Najua ukisoma haya utataka kuja. Njoo, dada, nakuhitaji. Ila wanao waache nyumbani kwanza. Nawapenda, lakini kwa sasa sitaweza kuwasikia wakicheka uani.

Mdogo wako anayekulilia,
Zubeda