Mwezi wa Jumamosi

Usagara, Tanga
5 Juni, 1958

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa, Shehe Idarusi, Tongoni

Assalamu alaykum. Shikamoo, Mjomba. Najua macho yako siku hizi hayapatani na maandishi, na kwamba maneno haya utayasikia kwa sauti ya Dada Saleha, binti yako. Basi naye namsalimu, na ninamwomba asome polepole, wala asiruke mstari hata akiona haya kwa ajili yangu.

Mimi mwili hauna neno. Afya ninayoiulizia ni yako. Dada Saleha aliniandikia wiki iliyopita bila ruhusa yako, tafadhali usimgombeze, akaniambia kuwa tangu siku ya pili ya Idi hujala mchana hata mara moja. Alisema uliwahesabu watu waliosali nyuma yako ile Jumapili, ukawapata sitini na wanne, ukajiwekea kumfungia kila mmoja siku yake kwa kuwa uliwalisha mchana wa Ramadhani. Alisema ulikuwa umefika ya thelathini na nane, sauti imekuwa ndogo, na kwamba ulipoinuka kwenye msala ulimshika bega usianguke. Kwa hesabu yangu leo ni ya arobaini na tano.

Huku watu wako wote wazima. Kristofa, yule Mbondei wa Muheza tunayefanya naye ukarani kwenye ghala la katani, anakusalimu sana. Unamkumbuka, yule tuliyekuwa tukibishana naye kibarazani kwako habari za mitambo mpaka unatuambia tunyamaze usome. Hajaacha. Mwezi uliopita aliona kwa baharia mmoja redio ya kutia mfukoni. Haina zile taa ndani ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo iseme. Ukifungua tu, inasema. Kristofa anaapa kuwa baada ya miaka mitano kila mvuvi atakuwa nayo. Mimi nimeisikia. Sauti yake ni ya mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Nilimwambia kitu kikiwa chepesi hivyo hata maneno yake yatakuwa mepesi, akacheka, akaniuliza redio yangu nzito imenifaa nini.

Pia nilipeleka karatasi za ofisi kwa bwana mmoja Raskazone, nikamkuta anapiga sahani mpya za santuri, zile zinazozunguka polepole, upande mmoja unakwenda karibu nusu saa. Unakumbuka gramafoni letu la kamani, kila wimbo mmoja mtu ainuke, ajaze, abadili sindano? Nilikuwa nikilidharau. Nikisema ni bubu mwenye wimbo mmoja, na kwamba mtu mwenye akili anunue redio, maana redio inakuletea dunia ilivyo leo. Siku hizi naliheshimu. Sahani husema kilichochorwa juu yake, haiongezi wala haipunguzi, na anayeipiga hawezi kutoka nje akawaambia watu imesema jingine.

Mjomba, naona nazungukazunguka. Hizi habari za mitambo ndiyo lugha niliyoizoea mbele yako, nami sina ujasiri wa kuingia moja kwa moja. Niruhusu nieleze mambo tangu mwanzo, japo mengi unayajua, kwa sababu nataka barua hii ukimaliza kuisikia uirudishe, nami niisome msikitini mbele ya hao sitini na wanne.

Yalianza na ule mwezi wa Warusi. Oktoba iliyopita redio yangu ilipotangaza kuwa wametupa juu chombo cha chuma kinachoizunguka dunia, nilikimbia barabara nzima nikisema. Watu walinicheka. Mzee Jumbe, jirani yetu, alisema nimeanza kuota na waya wangu juu ya mnazi. Siku chache baadaye magazeti yakafika na habari ile ile, na redio ikatoa hata mlio wake, ule wa ti-ti-ti, nikaufungulia dirishani kila mtu ausikie. Halafu wakampeleka mbwa, nikasema mbwa, na kweli akawa mbwa. Toka hapo sikuwa tena Mbaruku karani. Watu walinisimamisha njiani waniulize hali ya dunia, nami, Mungu anisamehe, nilianza kutembea taratibu ili wapate nafasi ya kunisimamisha.

Ndipo Ramadhani ikaingia, na pale msikitini pakazuka maneno: je, mwezi ukitangazwa redioni watu wafungue? Mzee Jumbe alishika lake, kwamba mwezi ni wa kuonwa kwa macho, na sanduku halina macho. Wewe ulisikiliza kila mtu, kisha ukasema sanduku ni mdomo tu. Ulisema cha kutazamwa ni yule anayekuja kutuambia amelisikia, kama ni mkweli anakubaliwa, kama si mkweli anakataliwa, na kuhusu huyu wa kwetu wewe unajua, maana umemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Wote wakaridhika. Hata Jumbe aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa safu ya nyuma, nikaona fahari mpaka masikio yakawa moto.

Basi ikafika Jumamosi, mwezi ishirini na tisa. Masika yalikuwa yamefunga mbingu, upande wa magharibi huoni kitu ila wingu jeusi. Mlifuturu, mkasali magharibi, mkaja wote kwangu. Wanaume walijaa kibarazani, wanawake uani, na kila nyumba unga wa maandazi ulikuwa umekwisha kandwa unangoja neno moja. Mimi nikaingia chumbani nilipoweka redio, nikafunga mlango, nikisema nataka utulivu nisikie vizuri. Baada ya muda nikatoka. Nikasema umeandama, umeonekana, kesho Idi. Wanawake walipiga vigelegele, na wewe ukanishika mkono ukaniombea dua.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa ndiwe uliyeyabeba. Asubuhi ya Jumapili tulisali Idi, tukatoka na takbiri na kanzu mpya, na tulipofika barabara kubwa tukakuta mji mzima umefunga. Watu walisimama wakitutazama kama tumevua nguo. Wa misikiti mingine wakatuuliza mwezi tumeuona wapi, maana hakuna redio yoyote iliyotangaza, na wenye redio hapa Tanga si mimi peke yangu. Hukubishana nao hata kidogo. Uliwageuza watu palepale, ukawaambia wazuie kula mpaka magharibi na waje wailipe siku ile, na ukasema kosa ni lako wewe imamu, asilaumiwe mwingine.

Uliniita kando ukaniuliza kwa upole nilisikia nini hasa. Nikakwambia labda stesheni ilitaja nchi nyingine, mawimbi yalikuwa yakikatika kwa ajili ya mvua, nikasikia nusu. Uliniambia nisisikitike, kwamba sikio la mtu hukosea. Ukanipigapiga begani. Mpaka leo bega hilo nalisikia.

Msikiti wetu ukapewa jina la msikiti wa redio. Waliosali nyuma yako walianza kupungua, mmoja mmoja, na wale waliobaki walisalia kwa adabu tu. Ijumaa ya pili ukasema mtu asiyejua kupima habari hafai kuongoza sala, ukakabidhi funguo, ukahamia Tongoni kwa binti yako. Miaka ishirini na sita ya uimamu, Mjomba. Mimi nilikubebea sanduku lako la vitabu mpaka kwenye lori, na nikaagana nawe, na sikusema kitu.

Dada Saleha, hapa ndipo ninapokuomba usiruke.

Mjomba, redio yangu haikusema kitu Jumamosi ile. Haikukosea, wala mimi sikukosea kusikia. Betri lilikuwa limekufa tangu Alhamisi. Madukani nililikosa, wakaniambia ningoje meli, na Kristofa aliahidi kunitafutia Muheza. Nilipofunga ule mlango nilizungusha kitufe nikijua kabisa hakuna kitu. Nilikaa kitini mbele ya sanduku lililo kimya. Nje mlikuwa kimya vilevile, watu wote wale, hata watoto, mkidhani nasikiliza.

Ilikuwa nitoke niseme betri limekwisha. Maneno mawili hayakuzidi. Tungemaliza thelathini kama sheria inavyotaka wingu likiwapo, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini niliisikia sauti ya Jumbe pale kibarazani akikohoa, nikawaza atakavyocheka, kwamba fundi wa mambo ya dunia hana hata betri. Wiki ile ile nilikuwa nimejisifu mbele yake kuwa redio yangu hailali. Nikajiambia mwezi lazima uko nyuma ya wingu, kwingine wameuona, kesho ni Idi tu nikisema nisiseme. Ndivyo nilivyojidanganya, kisha nikatoka nikawadanganya nyinyi. Niliuza siku ya Ramadhani ya watu sitini na wanne ili Mzee Jumbe asinicheke.

Kristofa ndiye aliyenigundua. Wiki ile baada ya Idi alikuja na betri kutoka Muheza, akiwa hana habari ya mkasa. Nilipomsimulia, nikimwambia ile hadithi ya mawimbi kukatika, alilitazama betri mkononi mwake, akanitazama, akaniuliza nilisikilizia nini. Nilimfokea. Nilimwambia yeye Mkristo mambo ya mwezi hayamhusu. Aliliweka betri mezani akaenda zake. Hajamwambia mtu. Lakini kila asubuhi ghalani ananiamkia vizuri kuliko zamani, na hiyo ndiyo inayoniumiza.

Betri hilo sijalifunga. Redio iko pale pale, nimeifunika kanga. Watu wanasema nimeichukia kwa kuwa ilinidanganya, wananionea huruma. Jana mwanamke mmoja aliniletea bakuli la bokoboko kunipoza moyo. Nilikula nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Ningeendelea hivyo, Mjomba, nakwambia kweli. Aibu yangu ilikuwa imezoea kukaa ndani, nikaona itazeeka nami. Ila sikujua kuwa unafunga. Sikujua kuwa kila siku inayopita unalipa kwa mwili wako kitu ambacho hukukifanya, ukiamini ulikosea kupima habari. Hukukosea kupima. Hukuletewa habari yoyote. Uliletewa uongo na mtoto uliyemlea.

Leo alfajiri, kabla ya kushika kalamu, nilikwenda kwa Mzee Jumbe, nikamweleza kama nilivyokueleza. Nilikuwa tayari kwa kicheko kile nilichokiogopa, nilikuwa hata nakitamani. Hakucheka. Alikaa kitako juu ya kizingiti, akavua kofia yake akaishika. Akaniuliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba Idarusi anafunga. Nikasema ni kweli. Akaniuliza ni ya ngapi leo. Nikamwambia. Akasema yeye ni mmoja wa hao sitini na wanne, kwamba alisali nyuma yako Jumapili ile, moyo ukimkatalia, kwa sababu hakutaka kukuacha peke yako mbele ya watu. Kisha akaniambia niondoke, nikaandike.

Ijumaa ijayo baada ya sala nitasimama msikitini. Sitangoja uniruhusu, barua ikirudi nitaisoma, isiporudi nitasema kwa mdomo. Watakalonifanya na wanifanye. Siku zilizobaki ni zangu, na zile arobaini na tano ulizokwisha kufunga nazo ni zangu, nimeanza leo. Sikuombi radhi katika barua hii. Nitakuja mwenyewe, na kama mlango utafungwa nitakaa nje, ni haki yako.

Kristofa anakusalimu, hilo nimekwisha kusema. Mzee Jumbe ameniagiza nikwambie kuwa siku yake amekurudishia, hataki ifungwe na mtu mwingine, ataifunga mwenyewe. Majirani wote wa Usagara wanakuulizia. Wape salamu zangu jamaa wa Tongoni, wakubwa kwa wadogo, kama bado watazipokea.

Na wewe Dada Saleha, umesoma mpaka hapa, ahsante, na unisamehe kwa kukutia mdomoni maneno haya. Barua hii naituma leo kwa lori la Pangani, nalo hupita huko kabla ya adhuhuri, kwa hiyo jua bado liko juu. Usingoje magharibi. Iweke barua chini, umpe baba yako maji.

Mimi,
Mbaruku