Nani Kamfukizia Halwa

Muscat, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu, mama. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako barazani, goti limepoa na kile kikohozi ulichokipata ndani ya ndege kimekwisha. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto ndo limeshaanza kutuchoma. Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Simu yako, mama, haina siri: ukiletewa sauti unaipandisha mpaka mwisho, nyumba nzima inasikia na jirani juu. Kwa hiyo barua nnampa rafiki yangu Rahaf, anasafiri kuja huko kesho, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Habari yenyewe ni kuwa Halwa amekufa. Nakuona hapo ulipo unashukuru Mungu, maana mwezi mzima uliokaa kwetu ulikuwa ukipita mbele ya chumba cha Ruba umeziba mdomo kwa ukaya, kama kwamba chatu yule mdogo wa kwenye sanduku la kioo atakurukia. Lakini mjukuu wako alimpenda. Jina alimpa mwenyewe kwa rangi yake, nyeusi ya kung'aa yenye mafuta. Siku chache baada ya wewe kuondoka, katoka skuli akamkuta kalala chali, mdomo wazi. Nakwambia, mama, kilio alicholia sijakisikia tangu alipofiwa na babu yake.

Mkweo Ishaq hakungoja hata mtoto anyamaze. Akasema ni Nansubuga huyo. Kweli, binti yule wa Kiganda anayetufanyia kazi alipiga ukelele siku ya kwanza alipomwona nyoka, akaapa hatofagia chumba kile ila Ruba awepo. Na chini ya sinki Ishaq kavumbua kopo la dawa ya mende, nusu limekwisha. Nami nikadakia. Nilimwita, nikamuuliza kamfanya nini nyoka wa mtoto. Kanijibu kuwa hajamgusa, madam, kisha kainamisha macho, basi, neno jengine hakuna. Nikajiambia, kimya kingi kina mshindo. Ishaq kawapigia simu ofisi iliyomleta, wakasema tumrejeshe Alkhamisi, watampandisha ndege. Msichana yule ana watoto wawili kwao, mama, na mkate wao ni huo mshahara wake. Kaanza kufunga begi.

Lakini moyo wangu haukutulia, nawe wanijua, nikishaingiwa na shaka hata kivuli changu nakihoji. Nikamgeukia shemeji yangu Sleiman, maana yeye ndiye aliyemletea Ruba nyoka huyo kutoka kwa rafiki yake. Nikasema isije ikawa katuletea mnyama mgonjwa. Nikaenda mpaka gereji yake Wadi Kabir, jua la mchana, nikamkabili mbele ya mafundi wake. Aliudhika, masikini. Akaapa kuwa nyoka alikuwa mzima, akanambia badala ya kutafuta mchawi nimpeleke maiti kwa daktari wa wanyama. Na maiti tulikuwa naye: Ruba alimtia ndani ya kopo la aiskrimu, akamweka kwenye friza, ubavuni mwa nguru. Siku mbili mie nachota samaki hapo sina habari!

Daktari kampasua, akasema sumu hamna. Mapafu ndiyo yaliyoharibika, kwa moshi, tena si wa siku moja. Akaniuliza nani anachoma vitu chumbani. Nikacheka, nikamwambia nyumba gani Muscat isiyofukizwa udi? Ila sisi twafukiza majlisi tu, wanapokaa wageni. Chumbani kwa Ruba ni marufuku, yeye mwenyewe katupiga marufuku kwa ajili ya nyoka wake.

Nilirudi nyumbani nikafunga mlango wa chumba kile, nikalivuta pazia la nyuma ya kioo nikalinusa. Juu palikuwa na harufu ya udi. Chini yake, mama, palikuwa na mvuje.

Nani nyumbani mwangu anao mvuje? Ishaq ni mtu wa Nizwa, haujui hata kwa jina. Nansubuga hajapata kuuona. Harufu ile naijua mie, uliyenifunga kipande chake mkononi dhidi ya jicho la hasidi mpaka nikaanza skuli, wenzangu wakawa hawataki kukaa dawati moja nami.

Nikamfuata Nansubuga, nikakaa naye sakafuni pembeni ya begi lake. Hapo ndipo alipolia. Kasema kila alasiri, Ruba akishakwenda chuo cha Kurani, Bibi alikuwa akiingia na chetezo kinachofuka moshi, anafunga madirisha, anakiweka chini ya meza yenye kioo cha nyoka. Kisha anazungumza na nyoka, anamwambia kama wewe si nyoka bali ni katika wale wengine wasioonekana, toka kwa salama, niachie mjukuu wangu. Kasema ulimwomba asimwambie mtu, naye kakupa ahadi. Kwao ahadi ya mtu mzima haivunjwi, afadhali arudi.

Mama, nimeona haya mpaka uso sina pa kuuweka. Nimekukasirikia pia, wallahi, sitokuficha. Najua ulimkhofia mtoto. Lakini yule alikuwa amefungiwa kioo, mama. Ulimwambia atoke, atokee wapi?

Ishaq nimemweleza kila kitu. Kaifuta ile safari, na kwa mdomo wake kamwomba radhi Nansubuga. Imebaki yako. Nakuomba umpigie wewe mwenyewe, umtake radhi, maana nusura umtie njaani kwa siri yako.

Ruba ndiye ambaye sikumwambia. Kaapa kuwa aliyemuua Halwa hatosema naye mpaka kufa, na kichwa chake kigumu kakirithi kwako. Basi nimemwambia ni mimi, nilifukiza nguo za harusi chumbani kwake nikasahau kufungua madirisha. Tangu siku hiyo hanisalimii, na chakula anakula kanipa mgongo. Naumia, mama, naumia sana. Lakini mie nipo naye kila asubuhi, atachoka. Wewe anakupata kwa simu tu, na bibi hana mwengine.

Nisalimie wote hapo, mmoja mmoja, na wewe mwenyewe usiache dawa ya presha. Ijumaa Ruba atakupigia, kasema ana neno zito la kukwambia juu yangu. Msikilize mpaka mwisho, umpe pole, wala usinitetee.

Mwanao akupendaye,
Muhsina