Kiganja Juu ya Boneti

Jumanne, 3 Juni

Duka limechangamka leo. Kesho mnada, kwa hiyo wafugaji wote wanataka dawa ya kupe leo leo. Wakishalipa wanatoka nje kulitazama gari. Nimelinunua mkononi kule Kahama, viti vimechanika, lakini hapa Masumbwe bado ni habari.

Bibi Minza, jirani yangu wa nyuma, naye alikuja. Mzee sana, anaishi peke yake. Akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa, akasema wabeja, wabeja mwanangu. Hongera zake kwa Kisukuma, na zilitoka moyoni. Kisha akaniomba nimfikishe hospitali Kahama siku nikienda. Macho yanamwasha, mekundu, moshi wa kuni.

Nikamwambia gari linaumwa.

Halikuwa linaumwa. Asubuhi nilikuwa nimetoka nalo sokoni. Niliogopa tu. Ukimbeba mmoja, wiki ijayo unabeba mtaa mzima. Akasema pole, likipona nitamwambia. Nikapokea pole ya gari zima. Sina haya.

Jumatano, 4 Juni

Nimelihamishia stoo. Jasho lilinitoka kusogeza magunia ya karanga na alizeti ili lipate nafasi. Anayeuliza namwambia nakwepa jua. Ukweli ni kwamba mlango wa stoo unatazama barabarani, na Bibi Minza hawezi kuliona likitoka.

Jumatatu, 9 Juni

Gari linatetemeka.

Likikimbia halina neno. Likisimama huku linaunguruma, hali ambayo mafundi wanaiita sailensa, linatikisika mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Mara linazima. Limenizimikia kituo cha mafuta na bodaboda wakanizomea. Nilisema linaumwa, haya, sasa linaumwa.

Mama Kulwa, anayeuza maandazi mbele ya duka langu, aliuliza nimelifanya nini. Nikamjibu labda ni tangu Bibi Minza alipolishika boneti. Nikacheka. Akacheka. Wateja nao wakacheka. Tukaendelea na kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi Hamisi amefungua plagi zote. Moja nyeusi tii. Tumeweka mpya. Mtetemo uko pale pale. Amesafisha pale hewa inapoingilia, pamejaa masizi. Likatulia kidogo, likaanza tena. Amekuna kichwa, amesema atatafuta mashine ya kupima.

Alipokuwa anafunga vifaa vyake akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaongea na yule bibi. Nikamuuliza bibi gani. Nilijua bibi gani.

Hamisi ni mtu wa Kigoma, hana muda mrefu hapa, wala si mtu wa umbea. Kama neno limemfikia yeye, limeshafika kila mahali.

Jumamosi, 14 Juni

Binti aliyekuwa akimchotea Bibi Minza maji amekatazwa na mama yake. Leo Bibi amekwenda bombani mwenyewe na ndoo ndogo. Watu walimpisha. Haikuwa heshima. Walimpisha kama anavyopishwa ng'ombe mkali. Mama Kulwa amekataa kumuuzia maandazi, amesema yameisha, na beseni lilikuwa limejaa.

Nimeona yote hayo nikiwa nyuma ya kaunta. Sikutoka.

Mimi ni mtoto wa huku. Nimekua nikijua kwamba mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kesi wala shahidi. Neno moja linatosha. Vikongwe wameuawa kwa maneno madogo kuliko langu. Ulimi hauna mfupa, sawa, lakini akili ninayo, siku ile ilikwenda wapi?

Na humu sitajidanganya. Nilipousema ule utani, kuna kona ndani yangu iliyouamini. Hiyo kona ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

Jumatatu, 16 Juni

Mpapai wa Bibi Minza umekatwa usiku. Pigo moja la panga, kwa mshazari. Hakuna aliyesikia kitu, eti. Huku tunajua panga likianza na mti linaelekea wapi.

Mwenyekiti wa kitongoji amekuja, ametazama, ameondoka. Bibi ameokota mapapai mabichi akayapanga kwenye beseni. Nilikuwa nachungulia dirishani kama mwizi.

Nimempigia Hamisi, nimemwambia mashine ije kesho hata akaiazime Geita. Nataka ugonjwa wa gari hili uwe na jina. Nikiupata nitaupeleka mlango kwa mlango.

Jumanne, 17 Juni

Mashine imesema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Kuna mahali hewa inapenya pasipotakiwa. Wapi, mashine haisemi.

Tumetazama mipira yote ya kupitishia hewa inayoonekana. Mizima. Nikachukua bomba dogo la kunyunyizia ng'ombe dawa, nikalisuuza, nikalijaza maji safi. Hamisi akawasha. Mimi nikawa nanyunyiza, mpira baada ya mpira, tukisikiliza, maana maji yakiziba tundu mlio utabadilika. Hamna kitu. Hamna kitu. Kule nyuma kabisa ya injini, mkono unapopita kwa kubana, mlio ukabadilika. Ukatulia. Maji yalipokauka ukaanza kukohoa tena. Nikanyunyiza tena, ukatulia tena.

Hamisi akapenyeza mkono akauchomoa mpira. Umetafunwa. Alama za meno madogo, zimepangika vizuri kabisa. Akaingiza mkono mara ya pili akatoka na vipande vya gunia na maganda ya karanga.

Karanga zangu. Gunia langu. Panya walifuata karanga stoo, wakakuta injini ina joto, wakahamia. Gari lisingekuwa stoo kama nisingelificha. Nisingelificha kama nisingemdanganya Bibi Minza. Hamisi alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikaa juu ya gunia.

Mchawi wa hili gari ni mimi.

Jumatano, 18 Juni

Sikufungua duka. Nimezunguka na ule mpira mkononi. Bombani, kwenye mashine ya kusaga, kwa mwenyekiti, kijiwe cha bodaboda. Nimewaonyesha meno ya panya. Kila mahali nimesema yale yale: nilimdanganya Bibi Minza kwamba gari bovu, nikalificha kwenye karanga, panya wakala mpira, na niliyosema dukani yalikuwa upuuzi wangu. Kusimama mbele ya watu unaowauzia dawa na kutamka nilidanganya, si mchezo. Nimetamka.

Wamenisikiliza vizuri. Wengine wamecheka, wengine wamenipa pole. Nikaanza kupata nguvu.

Mwisho nikaenda kwa Mama Kulwa. Akaupokea mpira, akaugeuza geuza, akaukagua kama mtu anayenunua. Akanirudishia. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na huyo panya, Mama Shija, alitumwa na nani?"

Nikarudi nyumbani na mpira wangu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa Bibi Minza. Nilitakiwa kwenda siku ile ile ya ndoo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, karibu, akanisogezea kigoda. Alikuwa anamenya yale mapapai mabichi, ayapike mboga.

Nikamwambia kila kitu. Utani, stoo, panya. Mwisho nikafika kwenye uongo wa gari kuumwa. Akaendelea kumenya. Akasema anajua. Asubuhi ile aliniona nikirudi nalo sokoni, lilikuwa zima.

"Nilikupa pole ili usione aibu," akasema.

Nililia hapo kigodani, mtu mzima, mama wa watu. Hakunikataza wala hakunibembeleza.

Mwanawe, Luhende, anayelima tumbaku Ushetu, anakuja kumchukua Jumamosi. Nikamsihi asiondoke, nimeshawaeleza watu wote. Akasema amesikia nimewaeleza, asante. Akaniuliza kama nitaweza kuchukua kuku wake mmoja, yule anayeatamia, maana hawezi kusafirishwa.

Jumamosi, 21 Juni

Luhende alikuja na pikipiki. Hakunisalimia. Simlaumu. Nilipojitolea kuwapeleka kwa gari alikataa, lakini mama yake akasema mgongo wake hauwezi pikipiki mpaka Ushetu, basi akafunga godoro juu ya gari.

Majirani walitoka kutazama. Hakuna aliyesaidia kubeba. Mimi nilikaa kwenye usukani, injini ikiwaka. Imetulia kabisa. Sijawahi kuchukia kitu kizima kama nilivyoichukia ile injini.

Kahama nikasimama hospitali bila kuuliza mtu. Foleni ilikuwa fupi. Wamempa dawa ya matone, wamemwambia apunguze kukaa kwenye moshi. Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko nilioutumia kusogeza magunia nilifiche gari.

Kitu kimoja nakiandika ili nisikisahau. Kila kupanda na kushuka, Bibi Minza alisimama hatua moja nyuma, mikono ndani ya kitenge, akasubiri nimfungulie mlango. Mwanzo nilidhani hajui kitasa. Halafu nikaelewa. Hata Ushetu, uani kwa mwanawe, mahali ambapo hakuna anayelijua hilo neno, hakuligusa gari. Aliniaga kwa kichwa.

Jumanne, 24 Juni

Karanga nimeziuza kwa jumla. Gari linalala nje sasa, mbele ya duka, kila mtu analiona. Mama Kulwa ameniomba nimpeleke Kahama Ijumaa. Nimekubali.

Kuku wa Bibi Minza bado anaatamia. Nimempa pumba.

Jioni Hamisi alipita kukaza mpira mpya. Akaliwasha, akaweka glasi ya maji juu ya boneti watu waone. Maji hayakutikisika. Wakampigia makofi. Kisha akaondoa glasi, akaweka kiganja pale pale, akakiacha kwa muda, akisikilizia injini.

Hakuna aliyesema neno. Nikarudi ndani kumpimia mteja chumvi ya ng'ombe.