Kifaransa Kilichoishia kwenye Salamu

Mjini, Jumanne

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Mjomba akusomee polepole, maana leo nna la kujivunia.

Dukani kwa Bwana Kanji, muuza kanga, nilimkuta mama wa Madagaska asiyejua Kiswahili, ila lugha ya kwao na Kifaransa, na Bwana Kanji hazijui zote mbili. Nikajitia ukalimani kwa Kifaransa changu cha skuli. Lakini nilianza kama ulivyonilea: nikamuuliza hali, safari, watoto, wazee wake, hata mvua za kwao. Akacheka, akakaa kitako, akajibu yote. Tulipofika kwenye kanga, Kifaransa changu kilikuwa kishakwisha, bei nikaionesha kwa vidole. Akanunua doti tatu.

"Nani mwalimu wako?" akaniuliza Bwana Kanji.

Nikamwambia Kifaransa nasomeshwa skuli, ila kuzungumza na mtu kanifundisha bibi yangu wa Bwejuu, ambaye hajaingia darasani hata siku moja.

Akachukua doti nyengine, akaifunga kwenye gazeti.

"Hii ya mwalimu," akasema.

Naileta mwenyewe likizo. Utaivaa, Bibi, tupite nayo kijiji kizima, na kila mlango tusimame tusalimie.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwanakheri