Jiko la Miguu Mirefu

Landi ya Reli, Nakuru
3 Agosti 1956

Kwako Mama Khisa,

Natumaini wewe na watoto hamjambo. Huku mvua imezidi, lakini kazi inaendelea. Juzi nilinunua jiko la kuchomea nyama kwa fundi Gurbachan. Alikuwa na fupi na la miguu mirefu, nikachukua refu.

Najua utashangaa, maana hata maji sijui kuchemsha. Hapa kwangu kuna mwanamke, anaitwa Achola. Ana mimba ya miezi saba na hawezi kuinama, ndiyo maana nikachagua lile refu.

Nilipokuwa nalibeba nilikukumbuka. Mimba zako zote nne uliinamia mafiga, nami nimekaa kando nangoja chakula.

Ni mimi mumeo,
Simiyu